Nani Anayesema? Msimulizi na Mnyonge katika Hadithi Fupi za Kirusi

Mhadhara wa umma, Songea

Hadithi fupi za Kirusi za karne ya 19 humleta msemaji kwanza, tukio likafuata. Mwishoni mwa mwaka 1830, akiwa amezuiwa na karantini ya kipindupindu katika kijiji cha Boldino, Alexander Pushkin aliandika hadithi tano kisha akakataa kuzitia jina lake. Alizitoa mwaka 1831 kama kazi ya marehemu Ivan Petrovich Belkin, bwana shamba mpole ambaye hakuwahi kuishi duniani. Belkin naye anadai kwamba alizisikia kwa watu. Kwa hiyo kila hadithi imepita mikononi mwa watu watatu: aliyeisimulia, aliyeiandika na aliyeichapa. Mzee wa Kingoni anayesema kwamba kisa chake alikipata kwa bibi yake hutaja asili hiyo ili aaminiwe. Pushkin, ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyefikishwa Urusi akiwa mtoto, aliongeza wasemaji ili asiwepo hata mmoja wa kuaminiwa moja kwa moja.

Faida ya mbinu hiyo inaonekana katika hadithi ya mkuu wa kituo cha farasi wa posta. Samson Vyrin ni mtumishi wa daraja la 14, la chini kabisa katika ngazi ya vyeo iliyowekwa na Peter Mkuu mwaka 1722. Kila msafiri anayecheleweshwa humfokea yeye, ingawa farasi wakiisha si yeye aliyewamaliza. (Abiria aliyewahi kukwama njiani kati ya Njombe na Songea, akamgeukia kondakta kwa hasira, hahitaji maelezo marefu hapo.) Afisa mmoja wa jeshi anamchukua binti yake, Dunya, na kwenda naye Petersburg. Baba anamfuata kwa miguu, anasukumiwa noti mkononi, kisha anatolewa nje.

Ukutani kwa Vyrin zimetundikwa picha za kisa cha mwana mpotevu kutoka katika Injili, na mzee anayasoma maisha ya binti yake kwa picha hizo: ataponda raha, atatupwa, ataokota makombo. Anakufa kwa ulevi akiwa na imani hiyo. Msimulizi, msafiri mwenye cheo kidogo naye, anapita pale mara ya tatu na kuambiwa na mtoto wa kijijini kwamba bibi mmoja alifika kwa gari la farasi sita, akiwa na watoto wadogo watatu, akalala kifudifudi juu ya kaburi kwa muda mrefu. Dunya hakutupwa. Mzee aliisoma vibaya hadithi ya mwanawe, na msimulizi hasemi lolote kuhusu hilo. Anachosema ni kwamba hakujutia rubo saba alizotumia kwa safari ile. Hata simulizi yenyewe aliipata kwa kumkaribisha mzee pombe. Huruma ya namna hiyo ina bei, na Pushkin ameiandika kwa tarakimu.

Dhamira ya mtu mdogo, yaani mnyonge anayepondwa na vyeo, ilikomazwa na Nikolai Gogol katika "Koti" (1842). Akaky Akakievich ni karani wa kunakili barua. Mshahara wake ni rubo 400 kwa mwaka, na koti jipya linamgharimu 80, sehemu ya tano ya kipato chote. Msomaji wa Songea anayejua baridi ya Juni na Julai yuko karibu na karani huyo kuliko msomaji wa Dar es Salaam. Koti linaibwa usiku uleule linapovaliwa kwa mara ya kwanza. Karani anamwendea mkubwa mmoja, ambaye Gogol hamtaji jina ila ukubwa wake tu, anakaripiwa, anaugua na kufa. Kisha mzuka wake unaanza kuwavua watu makoti mitaani.

Kisa hicho kingeweza kuwa cha kuliza tu. Kinachokifanya kiwe tata ni mdomo unaokisimulia. Msimulizi anaanza kuitaja idara ya serikali, anajizuia asije akamkera mtu, anapotea katika habari za jina la ukoo lililotokana na kiatu, anatania palipo na msiba. Mhakiki Boris Eikhenbaum alidai mwaka 1919 kwamba uzito wa hadithi hii uko katika sauti hiyo inayoigiza kuliko katika matukio. Warusi huita usimulizi wa aina hii skaz: maandishi yanayojifanya maongezi. Nikolai Leskov aliufikisha mbali zaidi katika kisa cha fundi wa mkono wa kushoto (1881).

Kiswahili kinaupokea usimulizi huo bila taabu. Kirusi cha maongezi kina vijineno kama mol na de, vinavyoonyesha kwamba maneno ni ya mtu mwingine na msemaji hayawekei dhamana. Mswahili ana "eti", na neno hilo moja hubeba nusu ya kejeli ya Gogol. Hata jina Akakievich, linalochekesha kwa kuwa mtoto amepewa jina la baba yake kwa kukosa jingine, linabaki na utani wake likisemwa Akaki bin Akaki. Labda ndiyo maana tamthilia ya Gogol ilipofasiriwa na Christon Mwakasaka kuwa "Mkaguzi Mkuu wa Serikali" katika miaka ya 1970, viongozi wake hawakuonekana wageni. Euphrase Kezilahabi naye, katika "Mayai Waziri wa Maradhi", alimwonyesha mkubwa wa serikali akiandamwa na mizuka usiku. Kufanana huko hakuthibitishi kwamba aliiga. Mizimu ya Afrika Mashariki haikuhitaji kuagizwa kutoka Petersburg.

Ivan Turgenev alichagua msimulizi anayenyamaza. Katika hadithi za mwindaji zilizokusanywa kitabuni mwaka 1852, bwana mwenye bunduki anapita vijijini na kuwasikiliza wakulima waliokuwa bado mali ya mabwana. Utumwa huo wa mashambani ulifutwa mwaka 1861. Katika "Mbuga ya Bezhin" anapotea njia, anafika kwenye moto wa watoto wanaochunga farasi usiku, anajifanya amelala. Watoto wanasimuliana habari za mizuka na watu waliozama majini. Angekaa macho, wangenyamaza, kwa kuwa mbele ya bwana mkulima hasemi ya moyoni.

Fyodor Dostoevsky alifanya kinyume: msemaji wake, kama yule mume wa "Mpole" (1876) anayezungumza kando ya maiti ya mkewe, hanyamazi hata kidogo, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyojishtaki.

Leo Tolstoy alimpa farasi kazi ya kusimulia. "Kholstomer", iliyochapishwa mwaka 1886, ni maneno ya farasi mzee kwa wenzake, na fumbo kubwa linalomshinda ni neno "changu". Watu, anaona, hushindana kusema neno hilo juu ya vitu vingi kadiri iwezekanavyo, hata farasi wasiowapanda na ardhi wasiyoikanyaga. Viktor Shklovsky aliitumia hadithi hii mwaka 1917 kueleza kwamba sanaa hukifanya kitu kilichozoeleka kionekane upya. Swali la farasi huyo si geni Ruvuma. Wakulima wa Litowa, waliolima kwa pamoja hadi chama chao cha maendeleo kilipovunjwa mwaka 1969, walilijibu kwa jembe. Mwaka huohuo wa 1886 Tolstoy alitoa pia kisa cha Pahom, anayeahidiwa ardhi yote atakayoizunguka kwa siku moja. Anakimbia hadi anakufa, na anachopata ni kaburi la arshini tatu, kama mita mbili hivi.

Anton Chekhov, daktari aliyefariki mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya vita vya Majimaji, ndiye aliyempunguza msimulizi mpaka akabaki karibu jicho tu. Katika "Toska" (1886), neno la huzuni nzito isiyo na tafsiri moja, dereva wa gari la farasi aitwaye Iona amefiwa na mwanawe wiki hiyohiyo. Anajaribu kumwambia afisa, kisha vijana watatu walevi, kisha bawabu, kisha dereva mwenzake. Hakuna anayesikiliza. Mwishowe anamsimulia farasi wake. Chekhov haombi machozi; anahesabu tu walioombwa sikio wakalinyima. Palipo na desturi ya matanga, ambapo jirani huja kukaa hata bila la kusema, upweke wa Iona unatisha kuliko kifo chenyewe.

Mwaka 1898 Chekhov alimjibu Tolstoy katika "Matunda ya gozberi". Ivan Ivanych anawasimulia wenzake wawili habari za ndugu yake aliyejinyima maisha yote ili apate shamba lenye miti ya matunda hayo. Akiisha kulipata, akala matunda machachu na kuyasifu. Arshini tatu, anasema Ivan Ivanych, ni mahitaji ya maiti; binadamu anahitaji dunia nzima. Kisha anasihi kwamba mlangoni kwa kila mtu aliyeridhika asimame mtu wa kugonga kwa nyundo, amkumbushe wasio na furaha.

Hotuba hiyo imenukuliwa mara nyingi kana kwamba ni ya Chekhov mwenyewe. Lakini wasikilizaji wake ndani ya hadithi wamechoshwa. Walitamani habari za mabibi wazuri. Mwenye nyumba hakufuatilia hata kama maneno yale yalikuwa ya haki, alifurahi tu kwamba hayakuhusu nafaka wala majani ya mifugo. Msemaji anajifunika na kulala. Kiko chake, alichokiacha mezani, kinanuka tumbaku iliyoungua, na mwenzake anakaa macho muda mrefu akijiuliza harufu ile inatoka wapi, huku mvua ikipiga madirishani usiku kucha.