Maji na Vitu Vieleavyo Juu Yake
(Maneno ya hotuba kwa watu wa Biliqo)

Wasikilizaji, mchungaji anyweshaye ng'ombe wake katika Ewaso Ng'iro ameyaona mengi ambayo wanafunzi huyasoma vitabuni. Mafuriko hubeba magogo. Magogo yakikwama penye kona hushikana na matawi, yakafunika maji. Maji ya juu hupunguza mwendo, na yale ya chini hukazana kupita katika nafasi iliyobaki, yakichimba mchanga. Nyuma ya magogo pana utulivu, na hapo matope hutua.

Ndivyo ilivyo pia mahali mto uingiapo baharini, ila huko kuna jambo la zaidi. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Maji matamu ni mepesi, hupita juu. Tena bahari hujaa na kupwa, basi mkondo huenda na kurudi. Kitu kieleacho hukingama juu, yaani katika njia ya maji matamu.

Daraja la zamani la Nyali huko Mombasa, lililotumika tangu 1931 hata 1980, lilielea juu ya matishari katika hori ya Tudor, ambamo mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji yake. Januari 2021 lilifunguliwa daraja jingine lielealo, la waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni hata Ras Bofu. Sehemu yake ya kati ilifanywa ifunguke ili meli zipite.

Katika jimbo la Washington, Marekani, daraja lielealo la Hood Canal lilifunguliwa mwaka 1961. Matishari yake ya saruji yamezama kiasi cha futi 15. Wataalamu waliona kwamba samaki wachanga waendao baharini hukawia hapo, na wengi huliwa na sili kabla ya kupita.

Haisemwi kwamba madaraja hayo ni mabaya. Yanayopasa kupimwa ni kina na nafasi. Tishari lililozama futi 2 katika maji ya futi 20 huziba sehemu moja tu katika kumi. Maji yakipungua hata futi 4, tishari lile lile huziba nusu ya njia. Kwa hiyo kisicho na madhara wakati wa masika chaweza kuwa kizuizi wakati wa kiangazi.

Kwa kawaida Ewaso Ng'iro haufiki baharini. Hupotea katika kinamasi cha Lorian. Walio chini ya mto, Merti na kuendelea, hutegemea maji yaliyokwisha kupita Biliqo. Basi mtu atakaye kulaza magogo mtoni apate kuvuka, yampasa kwanza kuwafikiria hao. Na magogo yaliyokwama yaondolewe mafuriko yakiisha kushuka, wala si wakati mto umejaa, maana mkondo upitao chini ya magogo humvuta mtu asionekane tena.