Gari Linapokataa Kona

Ukikaa na madereva wa mikoa ya kusini, iwe pale malori yanapopumzika Nangurukuru au stendi ya mabasi mjini Nachingwea, utasikia neno moja likirudiwa kila inaposimuliwa ajali ya kona. Dereva atakwambia, "Gari lilinikatalia." Alikata usukani, akaukata tena, na gari likazidi kwenda mbele kama punda aliyegoma, mpaka likaishia mtaroni au porini. Msikilizaji mwingine ataongeza kwamba kona ile ina mambo yake, na atakuhesabia waliokwisha kufa hapo.

Juma hili nataka tulitazame neno hilo, kwa sababu msimu wa korosho huanza Oktoba, wakati mvua nazo ziko njiani, na magari yenye haraka huwa mengi katika barabara za Nachingwea na Ruangwa. Wapo wanunuzi, wapo wanaokwenda kuzika, wapo mashabiki wanaokwenda kutazama mpira katika uwanja wa Majaliwa. Wengi wao wametoka Dar es Salaam usiku, na wengi si wenyeji wa kona hizo.

Kwanza tukubaliane kwamba gari halina kichwa kigumu. Gari lina tairi nne, na kila moja inagusa ardhi kwa sehemu ndogo, kiasi cha kiganja cha mkono hivi. Yote anayoyafanya dereva, kuongeza mwendo, kufunga breki, kukata kona, hupitia katika viganja hivyo vinne. Na nguvu ya kiganja kushika ardhi ina mwisho. Mtu aliyebeba ndoo mbili zilizojaa maji hawezi kukupokea na mzigo wako. Hali kadhalika tairi iliyokwisha kutumia nguvu zake zote kufunga breki haina kitu kilichobaki cha kuligeuza gari.

Tairi za nyuma zikiishiwa nguvu kwanza, mkia wa gari hutupwa nje na gari huzunguka. Tairi za mbele zikiishiwa kwanza, pua husukumwa nje ya kona na gari huenda moja kwa moja ingawa usukani umekatwa. Hili la pili ndilo madereva wetu wanaloliita kukataliwa. Tena magari mengi ya kawaida hutengenezwa makusudi yawe na tabia hiyo, maana dereva asiye fundi huweza kulirudisha njiani kwa kupunguza mwendo tu, kuliko gari linalozunguka kama pia.

Sasa tuje kwenye mwendo, maana hapo ndipo hesabu inapowapotosha watu. Nguvu inayohitajika kuligeuza gari haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, mwendo umekuwa mara mbili, lakini tairi zinadaiwa nguvu mara nne. Hata ukitoka 60 kwenda 70, kumi tu ambazo dereva hazihesabu kuwa kitu, deni la tairi limepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana mtu hupita kona ileile siku zote salama, na siku anapoongeza kidogo anaona kama kona imebadilika.

Ardhi nayo ina neno lake. Chukua kona ambayo, kama ungeizungusha ikawa duara kamili, kutoka katikati hadi ukingoni ingekuwa meta 50. Kwenye lami kavu, kwa tairi nzima, mwisho wa uwezo wa gari hapo ni kama kilomita 65 kwa saa. Kona hiyohiyo ikiwa ya changarawe iliyolegea, mwisho unashuka hadi karibu 50, au chini yake. Ukiwa ni udongo mwekundu uliolowa, shuka tena. Naomba nieleweke: huo ni ukingo wa shimo, si mwendo wa kuendea.

Hapa ndipo Nachingwea na Ruangwa zinapoingia. Nachingwea ilipata reli kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mradi ulishindwa, na reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962. Tangu hapo korosho, ufuta, mbaazi, wagonjwa na wanafunzi, wote husafiri juu ya tairi. Kwa miaka mingi njia zilikuwa za changarawe na udongo. Katika miaka hii ya karibuni lami imeingia, kama ile ya kutoka Nanganga kwenda Ruangwa, nasi tunaishukuru. Lakini njia nyingi za wilaya hizo mbili bado ni za changarawe, na dereva mmoja katika safari moja hutoka kwenye lami akaingia kwenye vumbi. Jicho lake na mguu wake vimekwisha kuzoea mwendo wa lami. Kona ya kwanza baada ya lami kwisha ndiyo inayotaka kuogopwa.

Itazame kona ya changarawe kwa makini. Magari yanayopita husukuma kokoto kuelekea upande wa nje, na katikati hubaki njia mbili ngumu za tairi. Gari likitoka kidogo katika njia hizo hukutana na kokoto zilizolegea, na tairi inakuwa kama mguu juu ya punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Kisha pana vile vijituta vidogo vidogo vilivyojipanga kama bati. Tairi ikirukaruka juu yake, kila inapokuwa hewani haina uwezo wa kugeuza chochote. Shokapu zikiwa zimekufa, tairi hukaa hewani zaidi.

Magari tunayoyapenda mijini nayo yana tabia zake. IST au Probox kwa kawaida huvutwa na tairi za mbele, yaani tairi zilezile zinazokata kona ndizo zinazovuta gari. Dereva akikanyaga mafuta akiwa katikati ya kona, anazipa kazi mbili kwa wakati mmoja, na uzito wa gari unahamia nyuma wakati anapouhitaji mbele. Mwenye Land Cruiser ya kazi naye asijivune. Akishafunga gia ya tairi zote nne, gari hushika vizuri matopeni, lakini katika kona kali hupenda kwenda mbele kuliko kugeuka.

Basi dereva afanye nini? Kazi kubwa hufanyika kabla ya kona. Punguza mwendo gari likiwa bado limenyooka. Funga breki hapo, shusha gia hapo, kisha ondoa mguu kwenye breki ndipo ukate usukani, taratibu, kwa mkono usioshtuka. Tazama mwisho wa kona unakotaka kwenda, usitazame mtaro unaouogopa. Mafuta uyaongeze pale gari linapoanza kunyooka tena.

Na ukiwa umekwisha kuingia, ukasikia usukani umekuwa mwepesi na pua inakwenda nje? Hapo ndipo moyo wa binadamu humdanganya. Moyo unasema kata zaidi, na mguu unasema kanyaga breki kwa nguvu zote. Yote mawili huongeza balaa. Tairi iliyogeuzwa kupita kiasi haiendi inakotazama. Hukwangua udongo kama plau. Na ikitokea ghafla ikapata pa kushika huku usukani umekatwa mpaka mwisho, gari hurukia ndani kwa kishindo, na magari marefu kama Noah huweza kupinduka. Kwa hiyo inua mguu kwenye mafuta, polepole. Rudisha usukani kidogo, ndiyo, kidogo kuelekea kule usikotaka kwenda, mpaka uhisi tairi zimeshika, kisha ukate tena kwa upole. Kwa gari lisilo na breki za ABS, tairi za mbele zikifungwa kabisa hazigeuki hata uzungushe usukani mpaka jasho likutoke. Legeza breki, usukani utarudi. Mwenye ABS ataweza kufunga breki na kugeuza, ila akumbuke kwamba juu ya changarawe breki hizo mara nyingi huchukua masafa marefu zaidi kusimamisha gari.

Kisha ziko tairi zenyewe. Upepo upimwe kwa kipimo, asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha mlangoni kwa dereva. Kupiga teke hakupimi kitu. Tairi ya mbele yenye upepo pungufu, au yenye kipara, ndiyo ya kwanza kukusaliti. Lakini pia usitoe zile nzima nyuma ukazileta mbele ukaacha vipara nyuma, maana hapo umeuza ugonjwa mmoja ukanunua mwingine: sasa ni mkia utakaokutupa.

Ndugu wasikilizaji, nimeyaacha mwisho yale yanayonifanya nilione jambo hili kuwa zaidi ya ufundi. Sisi tunaendesha upande wa kushoto. Katika kona ya kulia, gari linalokataa husukumwa kushoto, kwenye mtaro na mikorosho. Mwenye haraka analipa yeye na aliowapakia. Katika kona ya kushoto, gari hilohilo husukumwa kulia, upande wa wanaokuja. Huko kuna kijana wa bodaboda aliyempakia mama na mtoto mgongoni, wanaotoka zahanati. Hawa hawakuchagua mwendo wako, wala hawana usukani wa kurudisha. Na katika njia nyembamba za vijijini, ambako kila mmoja hufuata ile njia moja iliyo ngumu katikati, kila kona ina mtu wa upande wa pili.

Sheria imeweka kilomita 50 kwa saa katika makazi, na 80 kwa mabasi na malori makubwa. Ni vema. Lakini sheria imesema usizidi hapo. Haikuahidi kwamba kila kona itakupokea kwa mwendo huo. Wenzetu wa TANROADS na TARURA nao wana sehemu yao: kibao cha kuonya mahali lami inapokwisha, na greda kupita kabla kokoto hazijawa rundo. Na sisi wananchi tuna yetu, kwa maana vibao hivyo vikishawekwa, wapo wanaoving'oa wakaviuza kama chuma chakavu. Anayefanya hivyo amemfumba macho dereva mgeni usiku.

Nawe abiria wa mjini uliyekodi gari kwenda msibani, unayemhimiza dereva kwamba mazishi ni saa saba na mmechelewa, ujue unakanyaga mafuta pamoja naye. Mwache apunguze. Marehemu atazikwa hata mkikosekana, na wafiwa hawatafurahi kuongezewa makaburi.

Siku nyingine mtu akikwambia gari lilimkatalia, mwulize kwa upole: ulikuwa unakwenda kwa mwendo gani kabla ya kukata usukani? Mara nyingi jibu la ajali yote limo humo.