Utabiri Wetu wa Mwaka Mpya

Ndugu wanachama, sisi si wapiga ramli, lakini juu ya Marekani tunatabiri jambo moja: mwaka huu wa 2026 pia, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu hakitapanda. Ni dola 7 na senti 25 kwa saa tangu Julai 2009. Tangu hapo Republican wameshika Ikulu na mabaraza yote mawili, na Democratic vivyo hivyo. Machi 2021 neno la dola 15 lilifika Senate: kura 42 zilikubali, 58 zilikataa. Wanane katika waliokataa walikaa upande wa Democratic, wanaojiita rafiki wa wafanyakazi! Majimbo mengi yamepandisha yenyewe. Novemba watakuja kuomba kura. Ndugu zetu wa huko watawajibu nini?