Umeme wetu na mwekezaji binafsi

Msikilizaji, suala la mwekezaji binafsi katika umeme lina historia hapa Kigali. Mwaka 2003 serikali iliikabidhi kampuni ya Ujerumani, Lahmeyer International, usimamizi wa Electrogaz, shirika la umma la umeme na maji, kwa miaka mitano. Mwaka 2006 mkataba ukavunjwa.

Tutende haki: mwaka 2004 maji yalipungua kwenye vituo vya umeme wa maji vya Ntaruka na Mukungwa, na hakuna meneja anayeleta mvua. Lakini majenereta ya dizeli yalikodiwa, bei ikapanda, na walioumia ni kinyozi, fundi wa kuchomelea, muuza maziwa.

Kwa upande mwingine, tangu 2016 KivuWatt, mradi wa kampuni binafsi, unazalisha megawati 26 kwa gesi ya Ziwa Kivu. Hilo ni jambo kubwa. Nguzo, nyaya na mita, hata hivyo, ziko chini ya REG, shirika la umma, na naona ndivyo inavyofaa: kaya ya kijijini ina haki ya umeme hata kama haileti faida. Majirani zetu Uganda nao waliurudisha usambazaji serikalini Machi 2025, baada ya miaka 20 ya kampuni binafsi ya Umeme Limited.

Swali linabaki: mwekezaji akiomba kushika na mita, anayenunua uniti za faranga mia tano atalindwa na nani?