Talanta Iliyofukiwa Mara Tatu

Leo nataka kusema nanyi habari ya kusoma na habari ya desturi njema, na sina budi kuanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Nilipokuwa katika chuo cha theolojia nilisoma sana. Sikuwa na bidii kuliko wenzangu, bali palikuwa na kengele. Kengele ililia alfajiri tukaenda kusali, ikalia tena tukaingia darasani, ikalia usiku tukafungua vitabu mpaka taa zilipozimwa. Nilidhani ile ilikuwa tabia yangu. Kumbe ilikuwa tabia ya kengele! Nilipotumwa mahali pangu pa kwanza pa kazi, nilifika na sanduku la bati lililojaa vitabu, nikalisukuma chini ya kitanda. Zikaja kazi: mazishi, harusi, harambee, mikutano ya kamati isiyokwisha. Kwa muda wa miaka saba sanduku lile lilifunguliwa mara chache tu, na mara moja kati ya hizo tulikuwa tukitafuta mchwa.

Basi Jumapili moja nilihubiri habari ya yule mtumishi aliyeifukia talanta ya bwana wake. Baada ya ibada, mama mmoja mzee ambaye hakosi kanisani alinishika mkono pale mlangoni, akaniambia kwa upole, “Mchungaji mwanangu, talanta hii umeifukia mara ya tatu sasa, na kwa maneno yale yale. Utaifukua lini?”

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi nami nilicheka, lakini usiku ule sikulala vema. Maana mama yule hakujua kusoma. Kila neno la Maandiko alilokuwa nalo alikuwa amelipata kwa masikio, na masikio yake yalinitegemea mimi. Kama mpishi mwenyewe haendi shambani wala sokoni, wageni watakula nini?

Nikaazimia kusoma saa mbili kila usiku. Nilidumu siku nne. Siku ya tano palikuwa na msiba, ya sita nilikuwa nimechoka, na ya saba niliona aibu kuanza tena. Nadhani wengi wenu mnaijua safari hiyo. Tunaazimia jambo kubwa ili tujisikie wakubwa, kisha linatushinda, tunasema, “Mimi si mtu wa vitabu.”

Tena palikuwa na jambo jingine ambalo sikulijua. Kila nilipofungua kitabu, kichwa kiliuma na usingizi ulikuja. Nilidhani ni uvivu, hata nikaomba nisamehewe. Siku moja ndugu yangu alinitazama nikisoma matangazo, karatasi nikiwa nimeinyosha mbali mpaka mwisho wa mkono, akanipa miwani yake. Herufi zikatulia! Msikilizaji, ukipita miaka arobaini, lenzi ya jicho hukakamaa, nayo haiwezi tena kuona vema vitu vya karibu kama zamani. Si dhambi, wala si uchawi. Wako watu wazima wengi walioacha kusoma kwa sababu hiyo tu, nao wenyewe hawajui. Nenda ukapimwe macho kabla hujajihukumu.

Baadaye nilianza upya, kwa kidogo. Kurasa tano, baada ya chai ya jioni, katika kiti kile kile karibu na dirisha. Chai sikuwahi kuisahau hata siku moja, kwa hiyo nilikifunga kitabu kwenye chai, kama mtu afungaye ndama kwa mama yake. Simu naiacha jikoni. (Mke wangu asema hapo ndipo muujiza ulipo.) Nikikosa siku moja, silipi deni, kesho yake nasoma tano zile zile. Fanya hesabu mwenyewe: Agano Jipya lina sura 260, na mwaka una majuma 52. Ukisoma sura tano kwa juma, na siku mbili ukapumzika, mwaka hauishi kabla hujalimaliza. Wala sisemi Maandiko peke yake. Soma pia kitabu cha kilimo, cha afya, cha historia ya nchi yetu.

Mtume Paulo, alipokuwa amefungwa na wakati wa baridi ukikaribia, aliomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, na pamoja na joho akaomba vitabu. Aliona kwamba maisha yake yanakaribia mwisho, na bado alitaka kusoma! Na yule mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, hakungoja afike nyumbani apate nafasi. Alisoma njiani katika gari lake, tena kwa sauti, ndiyo sababu Filipo alimsikia.

Nasi hapa Kenya tulikuwa na mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyepigana katika vita vya Mau Mau. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, alisikia habari hiyo, na mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa sare kama watoto. Mwaka 2005 alikwenda New York kusema mbele ya wakuu wa mataifa habari za elimu. Alifariki mwaka 2009. Alipoulizwa kwa nini anasoma, alisema kwamba ataka kujisomea Biblia mwenyewe, ahakikishe kama wahubiri wanaifuata. Sisi wachungaji tuliposikia hayo, baadhi yetu tulikohoa kidogo.

Habari hiyo ya mzee Maruge nilimsimulia yule mama wa mlangoni. Akanyamaza kitambo, akauliza, “Huyo alikuwa na miaka themanini na minne?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi mimi ni msichana.” Tangu siku ile, kila Jumatano jioni nakwenda kwake, tunaketi barazani na kitabu cha watoto cha herufi, naye mjukuu wake hutucheka sote wawili. Amekuwa mwanafunzi mkali. Nikichelewa, hunikuta njiani.

Jumatano iliyopita alitoka chumbani na cheti chake cha ubatizo, kimekunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Alikuwa amekitunza zaidi ya miaka hamsini, wala hakuna aliyewahi kumsomea. Akakikunjua juu ya magoti, akaweka kidole, akasoma silabi moja moja, polepole, mpaka mwisho wa jina. Kisha akarudia. Akaniinulia uso, akasema, “Mchungaji, jina hili si langu. Hili ni la dada yangu.”