Mfupa wa Ng'ombe kwa Gitaa la Shule



Nimeombwa niseme machache juu ya gitaa la shule, ambalo kamati inataka kulitupa. Kwanza niungame. Nilipokuwa kidato cha tatu nyuzi zake zilikuwa juu mno, vidole vikituuma. Nikachomoa kile kipande chembamba cheupe kilichosimama kwenye daraja, kinachobeba nyuzi zote sita, nikakisugua hadi kikawa kifupi kupita kiasi. Nyuzi zikalia kama nyuki. Usiku nikachomeka vijiti vya kiberiti chini yake, nikanyamaza. Aliyechapwa viboko ni mwenzetu mtunza vyombo. Yumo humu ukumbini, na sasa amejua.

Kipande hicho ni cha plastiki, na nyuzi zimekwisha kukichimba. Kazi yake ni kupeleka mtetemo kwenye ubao wa juu, nao ndio unaoimba. Vijiti vyangu vinaupoteza njiani.

Ndugu mmoja amejitolea kipande cha pembe ya ndovu alichorithi. Namshukuru, lakini hapana: biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na hapa Tanzania hata kuwa nayo bila kibali ni kosa. Tusimtie Mwalimu Mkuu mashakani. Vipo vya kiwandani viitwavyo Tusq, vizuri, lakini mpaka viagizwe.

Mimi nachagua mfupa wa muundi wa ng'ombe. Mwenye bucha atanipa bure. Nitautoa mafuta kwa kuuloweka katika maji ya sabuni siku kadhaa, bila kuuchemsha sana, maana hudhoofika. Ukikauka nitaukata kwa msumeno wa chuma na kuusugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, pua nimeifunga kwa sababu ya vumbi. Lakini mfupa uliokaa legelege katika mfereji wake, au usio sawa chini, hauishindi plastiki iliyokaa barabara. Nitapunguza upande wa chini tu, kidogo kidogo: ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, unaondoa milimita 2 hapa. Laiti ningeijua hesabu hiyo wakati ule!

Naomba kamati iniachie gitaa hilo kwa wiki 3. Likirudi, wa kwanza kulipiga awe yule aliyekula viboko vyangu.