Sarafu ya Mchezo na Sarafu ya Hisa
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Mahesabu ya miaka kumi mmekwishasomewa na mtunza hazina. Mimi naomba niseme jambo moja ambalo vikaoni tunalinong'ona tu: zile mashine za sarafu, dubwi.

Nianze na mimi mwenyewe. Mwaka wetu wa pili mwenzetu mmoja wa Makambako alinipa rejesho lake, shilingi 14,000, nilifikishe Njombe. Gari likachelewa. Nikaingia mahali kunywa chai, mashine iko pembeni inawaka taa. Nikatumbukiza sarafu moja ya 200, ikatema sita. Hapo ndipo niliponaswa. Chenji yangu ilipokwisha nikafungua fundo la kitenge. Gari lilipopiga honi, 14,000 ya watu haipo. Niliuza kuku nikalipa, nikanyamaza. Wiki iliyopita ndipo nilipomwambia mwenyewe. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi sema mbele ya wote." Ndiyo hii nasema.

Akina mama, watu husema mashine imeshiba, sasa itatema. Si kweli. Mashine haishibi wala haikumbuki. Kila mchezo ni mpya, na imepangwa ili mwisho wa yote fungu libaki kwa mwenye mashine. Tuseme katika kila 100 inabakiza 10. Ukicheza 10,000, kwa wastani unabaki na 9,000. Ukiirudisha hiyo, 8,100. Ukiirudisha tena, 7,290. Wapo wanaoshinda, ndiyo, na kelele za sarafu tunazisikia. Wanaoliwa huondoka kimya.

Sisi tumejenga kikundi kwa haba na haba hujaza kibaba. Dubwi nayo ni bandu bandu huisha gogo. Sarafu ni ile ile, njia ndizo mbili.

Simkatazi mtu mzima kujiburudisha. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaruhusu michezo hiyo kwa leseni ya Bodi. Ila mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi, kwa hiyo tusimwachie mtoto sarafu akacheze, na tukimwona pale tumtoe, hata kama si wetu.

Anayecheza, acheze hivi. Ahesabu fedha ya mchezo kabla ya kutoka nyumbani, kama anavyohesabu ya soda, na aione imekwishatumika. Ikiisha, ainuke. Asiifuate iliyoliwa. Fedha ya hisa, ya mkopo, ya mbegu ya viazi na ya ada ya shule isifike pale kabisa. Na ukijiona unaficha, mama, hiyo si burudani tena.

Naomba pia tukubaliane mambo mawili. Marejesho yasafirishwe na watu wawili, mwenyekiti naye asiachwe peke yake. Na mwenzetu akinaswa, yeye au mume wake, aje aseme mapema. Tutakaa naye tupange namna ya kulipa, bila kumcheka. Mimi ningepata mahali pa kusema siku ile, nisingebeba mzigo huu miaka minane.